Nusu ya Neno

Ijumaa ile, saa tisa alasiri, Mwalimu alipanda ngazi za nyuma ya duka la dada yake. Alikuwa amezipanda ngazi hizo kwa miaka sita, akiwa mzima na akiwa na homa, na hazikuwahi kumshinda. Siku hiyo alisimama katikati, akaegemea ukuta. Mtihani ulikuwa kesho yake asubuhi, na Presha alikuwa amesema angekuja saa kumi kwa marudio ya mwisho.

Presha si jina alilopewa na mama yake, bila shaka. Wenzake darasani ndio waliombatiza hivyo, kwa sababu muuguzi huyo hakuweza kukaa karibu na binadamu bila kutaka kumpima presha. Aliwapima wanafunzi wote. Alimpima mlinzi wa jengo. Alijaribu kumpima hata dada mtu kule dukani, akafukuzwa kwa rula ya mbao. Na miezi saba iliyopita, kipindi kilipokwisha na wengine wakaondoka, alibaki nyuma kufuta ubao ambao ulikuwa umekwisha kufutwa. Aliufuta kwa dakika kumi nzima. Mwalimu alikaa akimtazama mgongo, na Presha alipogeuka, macho yao yakakutana. Tangu siku ile ubao ulikuwa msafi kila jioni.

Mwalimu alifungua darasa. Kilikuwa chumba kimoja juu ya duka la ushonaji, madawati manane, dirisha moja la kutazama barabara, na sauti ya cherehani ikipenya sakafuni. Hapo ndipo alipowafundisha Kihispania wauguzi waliopata mikataba ya kwenda kufanya kazi ng'ambo. Njia yake ilikuwa ya kadi. Kila neno gumu lilikuwa na kadi yake. Mbele neno lenyewe, nyuma maana zake zote, na kila maana na sentensi yake ya wodini. Wanafunzi walizipanga kwenye maboksi ya viatu na kutembea nazo kila mahali.

Kadi iliyomnyima Mwalimu usingizi kwa wiki tatu ilikuwa ya neno *quedar*. Mgonjwa wa lugha hiyo hamalizi dakika tano bila kulitaja. Zimebaki tembe ngapi, ni *quedar*. Tukutane saa ngapi, ni *quedar*. Gauni limekukaa, duka la dawa liko upande gani, tulikubaliana nini na daktari, nani amekuwa kiziwi baada ya ajali, pumzi zinamwishia nani: neno ni hilo hilo moja, linabadilisha shati tu. Wanafunzi wote walikuwa na kadi yenye maana saba. Kadi ya Presha ilikuwa na mbili.

Haikuwa bahati mbaya. Wiki ile ya *quedar* Presha hakuja darasani, mama yake alikuwa amelazwa kwa ajili ya moyo, naye Mwalimu akajitolea kumwandikia kadi zake kando. Akakaa mezani, akaandika maana ya kwanza, kubaki. Akaandika ya pili, mahali kitu kilipo. Alipofika ya tatu kalamu ikasimama. Akilini alimwona Presha na begi, akamwona anageuka kupunga mkono, akaona mgongo ule ule unapotea kwenye mlango wa kioo wa uwanja wa ndege. Akaifunika kalamu. Mtihani wa mdomo hauna huruma: anayeshindwa kumwelewa mgonjwa anangoja mwaka mwingine, na hospitali iliyompa Presha mkataba haikuwa na subira ya mwaka mwingine. Angefeli. Angebaki. Na hakuna mtu ambaye angejua.

"Umepita dukani kama hunioni."

Mwalimu alishtuka. Dada yake alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kupimia shingoni, pini tatu mdomoni.

"Nisamehe, dada. Nina mawazo."

"Mawazo hayo nayajua, yana miguu miwili na kifaa cha kupimia watu." Dada alizitoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye kola ya gauni lake. "Nilikwambia usijifunge na mtu mwenye pasipoti. Yule fundi umeme ulimfundisha kwenye meza ya jikoni, akaondoka na begi nililomshonea mimi mwenyewe. Akapiga simu kila Jumapili miezi miwili, halafu Jumapili moja moja, halafu kimya. Sasa ana mapacha. Wewe ni mwalimu au ni mlango wa kutokea?"

"Dada, tafadhali."

"Mimi nasema tu."

Mwalimu alipanga chaki zilizokuwa zimekwisha kupangwa. "Na kama huyu asipopita?"

"Asipopita kwa nini? Si ndiye anayewaongoza wote?" Dada aliacha kuchezea futi yake. Alimjua mdogo wake tangu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Akasogea karibu, sauti ikashuka. "Umefanya nini?"

Alimweleza. Maneno hayakuwa mengi, kadi moja, maana tano zilizokosekana. Alitegemea kugombezwa. Dada alikwenda dirishani, akatazama barabara kwa muda, kisha akarudi na kumshika mkono.

"Basi nyamaza," alisema.

"Nini?"

"Funga mdomo wako. Akifeli atasikitika mwezi mmoja, mwezi wa pili atarudi kazini hapa hapa, wa tatu atakuoa. Mimi sitaki kukuona tena umekaa na simu mapajani Jumapili nzima. Nilikuokota mara moja, mdogo wangu. Sina nguvu za mara ya pili. Mtu hafi kwa kufeli mtihani."

Akashuka. Cherehani ikaanza tena kuunguruma, na Mwalimu akabaki na ruhusa ambayo hakuiomba.

Saa kumi kamili Presha aliingia na boksi lake la viatu kwapani. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likang'aa, na alikuwa na ile furaha ya mtu mwenye wasiwasi anayejikaza kisabuni. Aliufunga mlango, akamwangalia Mwalimu, akatabasamu.

"Umelala?" aliuliza.

"Kidogo."

"Mimi sijalala kabisa. Mama naye hajalala. Tumekaa jikoni tukiulizana maswali, mimi Kihispania, yeye anajibu kwa Kiswahili, basi tukawa tunaelewana vizuri tu." Akacheka, akavuta kiti. "Haya. Leo uwe mgonjwa mkali. Usinionee huruma kwa sababu ya haya macho."

"Macho gani?"

"Haya yanayokutazama."

Siku nyingine Mwalimu angemrushia chaki. Leo alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, akafumba macho kwa nukta moja, akaanza. Alitaka tu kupita salama katika ile saa moja. Alilalamikia kichwa, Presha akauliza tangu lini. Alilalamikia mguu, Presha akauliza kama ameanguka. Alikuwa mzuri, mtulivu, mwepesi, na Mwalimu akajisahau, akawa mgonjwa kweli, akaongea kama wagonjwa wanavyoongea. Akashika kifua, akasema, "*Me quedo sin aire.*"

Presha aliitikia kwa kichwa kwa upole. Akachukua kalamu. "Sawa, mama," alimwambia kwa Kihispania safi. "Unakaa wapi? Nitajie mtaa na namba ya nyumba."

Akainama kuandika.

Mwalimu alikitazama kile kichwa kilichoinama. Aliona kitanda cha mbali ambacho hakukijua, mwanamke mzee amekaa wima anahangaika, midomo inabadilika rangi, na muuguzi mwema, mwenye shati lililopigwa pasi, anamwandikia anwani. Dada alikuwa amesema mtu hafi kwa kufeli mtihani. Hakusema lolote juu ya mgonjwa wa mtu anayepita kwa bahati.

"Mtaa gani, mama?" Presha alirudia, kisha akainua uso. "Mwalimu? Nimekosea wapi?"

"Mgonjwa amekwambia pumzi zinamwishia."

"Amesema anakaa..." Akafungua boksi, vidole vikatembea juu ya kadi, akaivuta moja. Akaisoma mbele, akaigeuza nyuma. "Kadi yangu haina hiyo. Ina maana mbili tu."

"Ziko saba."

"Saba." Akaigeuza tena, kama zingine zingeweza kuwa zimejibanza pembeni. Halafu uso wake ukalainika. "Ulisahau. Wiki ile ulikuwa na kazi nyingi, na mimi nilikuwa nakusumbua kwa simu kila saa kuhusu mama. Usijali. Bado mapema, niandikie sasa hivi."

Njia ya kujinasua ilikuwa wazi. Angesema ndiyo, nilisahau, pole, na jioni ingeendelea. Angemwandikia zile tano, Presha angepita au angefeli kwa haki, na yeye Mwalimu angebaki na heshima yake nzima. Neno moja tu lilihitajika. Aliogopa kusema kweli, na aliogopa zaidi kutoisema.

"Sikusahau," alisema.

Presha hakuelewa mara moja. Alikuwa bado anatabasamu.

"Niliandika mbili, nikaacha tano kwa makusudi. Nilitaka ufeli."

Chini cherehani ilikuwa imenyamaza. Mwalimu alijua dada amesimama anasikiliza, na hakujali. Tabasamu la Presha lilikwenda polepole, kwanza machoni, kisha mdomoni, na alipozungumza sauti ilikuwa ndogo mno kwa mwanamume wa mwili ule.

"Ulitaka nifeli."

"Nilitaka ubaki."

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Hujui." Akasimama, na kiti kikaburuza sakafuni. "Hukuniomba, kwa hiyo hujui. Na sasa mimi mwenyewe sijui ningekujibu nini. Hicho ndicho ulichonichukulia, Mwalimu. Kufeli tu ningevumilia."

"Nisikilize kidogo..."

"Nilikuwa nasoma kadi hiyo kwenye kitanda cha mama hospitalini. Mara mia. Nikasema, hili ni jepesi, hili nimelimaliza, ameniandikia mpenzi wangu." Aliirudisha kadi bokisini kwa uangalifu, na huo uangalifu ulimuumiza Mwalimu kuliko kama angeichana. "Mgonjwa wangu wa kwanza kule angenifia mkononi, nami nauliza namba ya nyumba."

Mwalimu alikuwa amekwisha kuchukua kadi mpya. Aliandika mbio mbio maana zote saba na sentensi zake, akamnyooshea. "Chukua. Nitukane ukimaliza. Chukua kwanza."

Presha aliitazama kadi, akamtazama yeye. "Nitajuaje kwamba ziko saba?" aliuliza.

Akafunika boksi lake, akatoka. Viatu vyake vilisikika ngazi hadi ngazi, na pale chini dada akaikanyaga tena cherehani.

Jua lilikuwa bado linawaka ukutani Mwalimu alipotoka na kadi ndani ya bahasha. Nyumbani kwa akina Presha ni mwendo wa robo saa. Aliuona mrefu. Mara mbili aligeuka kurudi, mara ya pili akafika hata kwenye kona, halafu akajisemea kwamba akirudi sasa hatakuwa na uso wa kujitazama kwenye kioo, akaendelea. Hakumwogopa Presha tena. Aliyemwogopa alikuwa mama yake. Mwanamke yule ametoka hospitali juzi tu, daktari amekataza apewe habari za kushtua, na Mwalimu ndiye aliyekuwa akimbebea habari.

Mama mtu alikuwa amekaa nje ya mlango kwenye kiti cha plastiki, anakunja fulana za mwanawe na kuzipanga kwenye begi jipya lililokuwa wazi miguuni pake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Hakusimama. Macho yake yalikuwa madogo, makali, na yalikwisha kuona mengi. "Amekuja akapita moja kwa moja chumbani. Amejifungia. Nimembembeleza ale, hataki. Anasema Mwalimu hakunifundisha. Nikamwambia haiwezekani, yule binti anakupenda."

"Ni kweli, mama. Sikumfundisha."

Mikono iliyokuwa inakunja ikatulia.

Alimwambia yote akiwa amesimama, bahasha kifuani. Hakupamba wala hakujitetea, isipokuwa mwisho alisema, "Niliogopa, mama." Alikuwa anamtazama kifua yule mwanamke kuona kama kinapanda na kushuka sawasawa. Akaona atamwua hapo hapo, mbele ya mlango wake, na fulana mkononi.

Mama mtu aliiweka fulana begini. Jirani akapita, akasalimu, akajibiwa kama kawaida.

"Unadhani mimi nataka aende?" alisema hatimaye.

Mwalimu alilitazama begi lililokuwa wazi.

"Moyo wangu huu, daktari hakunificha. Akipanda ndege, sijui kama nitamwona tena. Wewe una miaka ya kungoja. Mimi sina. Kila nikiamka namwomba Mungu mwanangu afeli." Alilisema bila aibu, kama mtu anayesema amechoka. "Kila nikiamka. Halafu naamka kabisa, nampigia shati pasi. Sijamficha hata soksi, mwanangu. Hata soksi moja."

Mwalimu alilia. Hakuwa amekusudia kulia, na hapakuwa na mahali pa kugeuzia uso.

"Nilikupenda," mama mtu alisema. "Nilikuwa nimekwisha kukuhesabu wa hapa nyumbani. Sasa sijui." Akanyoosha vidole viwili, akaichukua bahasha. "Nitampitishia chini ya mlango. Akitaka atasoma, asipotaka shauri yake. Nenda kalale. Kesho akipita, tutaongea. Asipopita, usije tena hapa."

Akarudi kwenye fulana zake. Mwalimu aliaga, akaondoka.

Chumba cha mtihani kilikuwa katika chuo cha wauguzi, na ndani yake kulikuwa na kitanda cha wodi, kabati dogo na meza ya mtahini. Mtahini alikuwa ametumwa kutoka mbali, mwanamume mzee, mkavu, mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi. Mgonjwa alikuwa Mwalimu mwenyewe. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa miaka yote, kwani hakuna mwingine pale mjini aliyeweza kuiongea lugha hiyo bila kigugumizi. Kila mtahiniwa alikuwa na bahasha yake iliyofungwa kwa gundi, mgonjwa akiifungua dakika tano kabla. Alisema yaliyoandikwa basi. Hakuruhusiwa kuongeza, kupunguza, wala kusaidia kwa jicho.

Aliifungua bahasha ya Presha. Mwanamke wa makamo, ameanguka bafuni. Akasoma haraka mpaka chini, akaliona lile neno mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akajilaza, akavuta shuka mpaka kidevuni.

Presha aliingia. Hakumtazama. Yaani alimtazama, lakini kama muuguzi anavyomtazama mtu aliyeletwa na gari la wagonjwa dakika hiyo hiyo. Macho yake yalikuwa mekundu. Alijitambulisha, akauliza ameletwa na nani, sauti makini, haina joto wala baridi.

Mwalimu akasema sentensi ya kwanza. Tulikubaliana na daktari kwamba nisimamishe dawa ya usiku.

Presha alingoja nukta moja. "Mlikubaliana lini?" aliuliza.

Amesoma. Mwalimu aliuma shavu kwa ndani asije akatabasamu. Akaendelea: tembe zilizobaki ni mbili. Hilo lilikuwa la kadi ya zamani, likapita. Ndipo ikaja ya tatu, kwamba tangu ajali ya mwaka jana sikio la kushoto limekuwa kiziwi.

Mtahini akainua kalamu.

Nukta zikapita. Presha alikuwa anatazama sakafu, midomo inacheza bila sauti, na Mwalimu alijua hasa alikokwama, aliona mahali penyewe kama anavyoona wino wa mwandiko wake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa chini ya shuka. Ingetosha kuugusisha sikioni, mara moja tu, kama mgonjwa anayejikuna. Nani angejua? Aliubana ule mkono chini ya nyonga kwa uzito wake wote. Alikuwa amekwisha kumwamulia mara moja. Hakusogea.

Presha akainua kichwa. Akazunguka kitanda bila haraka, akahamia upande wa kulia, akainama kwenye sikio lile zima. "Huku unanisikia vizuri zaidi?" aliuliza.

Kalamu ya mtahini ikaandika kitu.

Ya nne ilikuwa ya pumzi. Alipoisema tu, Presha hakungoja nukta wala nusu yake. Mkono mmoja ulipita nyuma ya mabega yake, ukamkalisha. Mwingine ukalegeza kola, ukavuta mto, akaita hewa ya oksijeni kwa sauti iliyojaa chumba kizima. Halafu akamshika kifundo cha mkono, akatazama saa yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu jana. Akahesabu. Akakunja uso, akahesabu tena. Hapo ndipo alipomtazama usoni, kweli kweli, akayaona macho yaliyovimba na midomo iliyokauka, na mabega yake yakalegea.

"Mapigo mia na ishirini na nane," alimwambia mtahini kwa Kihispania. "Mgonjwa huyu haigizi. Anaogopa."

"Endelea na fomu," mtahini alisema.

Fomu ya kupokea mgonjwa ndiyo sehemu ya mwisho. Presha akaichukua, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda. Umri, anwani, mzio wa dawa. Mwalimu akasoma majibu kwenye karatasi yake.

"Hali ikibadilika, tumjulishe nani?"

Mwalimu akatazama karatasi. Hapo iliandikwa tu kwamba mgonjwa ataje jina lolote. Lolote. Majina mia yalikuwepo, ya dada yake, ya jirani, ya mtu asiyekuwepo duniani. Alifungua mdomo, moyo ukimpiga masikioni, akalitaja jina la Presha, lile kamili la kwenye kitambulisho, la kwake, la baba yake na la babu yake.

Mtahini alishusha miwani. Presha hakuinua kichwa. Aliliandika jina hilo herufi moja moja, kama mtu anayeandikishwa imla ya jina geni.

"Uhusiano?"

Karatasi haikuwa na jibu. Ilikuwa imekwisha.

"Muulize yeye," Mwalimu alisema.

Nyuma ya mlango alisikika mama mtu akikohoa kwenye benchi la kungojea. Presha alikaa na kalamu hewani. Mwalimu hakuthubutu kumtazama, alitazama mkono. Aliona unashuka, unaandika neno moja, unasita, halafu unaweka nukta. Presha akaigeuza fomu kifudifudi, akaipeleka mezani, akarudi kusimama kando ya kitanda kama utaratibu unavyotaka.

Mtahini akaisoma fomu kwa sauti, mstari kwa mstari, maana mgonjwa lazima athibitishe alichoandikiwa. Umri, akathibitisha. Anwani, akathibitisha. Mzio, akathibitisha. Wa kujulishwa, akathibitisha.

"Uhusiano," mtahini alisoma, akasita kidogo, akaisogeza karatasi karibu na pua. "Mchumba." Akamtazama mgonjwa juu ya miwani. "Bibi, unathibitisha?"

Hofu haikumtoka hata chembe. Alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Jumapili zilikuwa nyingi mno ndani yake. Mwanamke wa nje ya mlango ule hakuwa na miaka ya kungoja, na ni yeye Mwalimu ambaye angempeleka kliniki, angekaa naye jikoni, angejibu simu mbaya ikija. Akageuza shingo, akamtazama Presha. Naye alikuwa anaogopa. Ilikuwa mara ya kwanza kuliona hilo.

"*Sí*," alisema.

Mtahini akajumlisha alama zake taratibu, kwa kidole, mara mbili. Akatoa moja kwa mwandiko mbaya na akasema hivyo. Kisha akagonga muhuri. "Mtahiniwa amepita. Muda umekwisha, anaweza kutoka."

Mwalimu alijifunika uso kwa shuka, akalia kwa kuwa ameposwa na kwa kuwa anaachwa, na hakujua machozi yapi ni ya lipi. Alimsikia mtahini akirudia kwamba muda umekwisha, akamsikia akiita jina la anayefuata, akasikia kiti kando ya kitanda kikivutwa karibu. Presha hakutoka.